Nilivyotakiwa kumrithi shemeji yangu

JUMAMOSI moja ya Machi mwaka 2022, wazee sita wa ukoo wetu walifika nyumbani kwangu Munuki, hapa Juba, kabla hata chai haijachemka. Walikuja kwa raksha mbili, wamevaa makoti licha ya joto, na mmoja wao alikuwa ameshika fimbo ya marehemu baba yetu. Niliwatolea viti vya plastiki chini ya mwembe. Nilipoiona ile fimbo nilijua kwamba hawakuja kunisalimu.

Kikao kilikuwa kifupi. Baba mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alisema: "Mwanangu, kaka yako amelala kaburini mwaka wa nne sasa. Mkewe amerudi kutoka Uganda. Nyumba ya marehemu haiwezi kukaa bila mwanamume, na wewe ndiye unayefuata. Mchukue mke wa kaka yako, uwalee watoto wake, na kile kiwanja cha Gudele kirudi mikononi mwa ukoo."

Nikajibu kama mtoto anavyowajibu wazee wake: "Nimesikia." Sikusema ndiyo wala hapana.

Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai mkononi. Aliliweka chini taratibu, akaingia ndani. Usiku ule aliniuliza swali moja tu: "Wewe ukimrithi shemeji, mimi na watoto wangu tutarithi nini?"

Msomaji, makala haya yanahusu nyumba yangu mwenyewe, na si yote yaliyomo ninayopenda kuyasema hadharani. Nimeamua kuyaandika kwa sababu mambo ya namna hii yanaamuliwa kila wiki chini ya miembe ya Juba, Yei, Nimule na Torit, na wengi wanaoamuliwa ni ninyi mliorudi nyumbani kutoka ukimbizini na ninyi mnaovuka mpaka kutafuta riziki.

Tulikotoka

Mimi na kaka yangu tulikimbilia Uganda tukiwa watoto, miaka ya tisini, vita kati ya serikali ya Khartoum na wapiganaji wa SPLA vilipopamba moto upande wa Equatoria. Tulikulia katika makazi ya wakimbizi wilayani Adjumani. Kiswahili tulikiokota kwa madereva wa malori na wachuuzi wa Arua, kisha tukakiongezea shuleni na redioni.

Mkataba wa amani ulipotiwa saini jijini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, watu walianza kurudi, wengine kwa magari ya mashirika, wengine kwa miguu. Kaka alirudi mwaka 2007, akapata kazi ya udereva. Mwaka 2008 alioa binti aliyekulia kambini kama sisi. Mahari ilikuwa ng'ombe 12 na mbuzi 20, sehemu ikalipwa kwa fedha taslimu. Ng'ombe wawili kati ya hao nilitoa mimi. Naomba ukumbuke jambo hili, maana nami nililikumbuka sana wazee walipoondoka siku ile.

Mwaka 2009 kaka alipata kiwanja Gudele, wakati ambapo sehemu kubwa ya Gudele ilikuwa bado majani na vichaka. Yeye alikuwa safarini wiki tatu katika nne. Shemeji ndiye aliyekuwa akiuza vitunguu, nyanya na mafuta ya kula pale Konyo Konyo, bidhaa akizifuata mwenyewe Arua, na baadaye Elegu. Barabara ya lami kutoka Juba hadi Nimule, karibu kilomita 192, ilipokamilika mwaka 2012, safari iliyokuwa ikichukua siku nzima au zaidi ikawa ya saa chache. Shemeji alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo mtaani kwao kuitumia njia ile kila wiki.

Vita vya Desemba 2013 tulivivumilia. Mapigano ya Julai 2016 hatukuweza. Shemeji alivuka mpaka na watoto watatu, kaka akamfuata miezi michache baadaye, na mwaka 2018 alifariki huko huko Adjumani kwa maradhi ya ini. Mimi nilibaki Juba, na ufunguo wa nyumba ya Gudele ulibaki kwangu.

Aliyeshika mfuko

Wazee wetu hupenda kusema kwamba wanawake wameharibiwa na kambi. Mimi nimeishi kambini, na nakubali kwamba kambi iliwabadilisha, ila sioni walivyoharibika.

Kule makambini, mara nyingi kadi ya chakula iliandikwa jina la mama. Wanaume wengi walikuwa vitani, wamekufa, au wamebaki nyuma kulinda mifugo. Mama ndiye aliyesimama kwenye foleni, akahesabu vikombe vya mahindi na maharage, akaamua kiasi gani kiliwe na kiasi gani kiuzwe ili mtoto apate daftari. Alikaa kwenye kamati ya maji. Alijiunga na kikundi cha kuweka akiba. Wasichana waliingia darasani pamoja na kaka zao, jambo ambalo vijijini kwetu lilikuwa adimu. Takwimu za miaka ile zilionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 wa nchi yetu ni 27 tu waliojua kusoma na kuandika. Kwa wanawake peke yao walikuwa 16. Mwanamke aliyerudi na elimu ya sekondari ya Uganda au ya Kakuma, hata ya miaka miwili tu, alikuta wazee wanaotaka atie dole gumba kwenye karatasi ambayo yeye angeweza kuisoma.

Kisha likaja soko. Nenda Konyo Konyo asubuhi, au Custom, au Jebel, utazame ni nani aliyekaa nyuma ya marobota na magunia. Wauza chai, wauza samaki wakavu, wauza mboga, wakopeshaji wa bidhaa za jumla: wanawake ni wengi mno. Mwaka 2021, wakati madereva wa malori walipogoma pale Elegu baada ya wenzao kuuawa njiani, bei zilipanda hapa mjini. Shemeji, aliyekuwa bado Adjumani, aliendelea kutuma vitunguu kidogo kidogo kwa watu wa mabasi. Nilimuuliza kwa simu kama haogopi hasara. Akanijibu, "Shemeji, watoto hawagomi kula."

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyeambiwa "nimchukue", kama mtu anayechukua mzigo ulioachwa stendi.

Hoja ya wazee haikuwa ya kipuuzi

Lazima niwatendee haki wazee. Kurithi mjane ni mila ya makabila mengi ya nchi hii, na haikuanzishwa kwa ajili ya tamaa. Kwa Wadinka na Wanuer ina mizizi mirefu zaidi: mdogo wa marehemu anapokaa na mjane, watoto watakaozaliwa huhesabiwa kuwa wa marehemu, ili jina lake lisipotee. Kwetu Equatoria mila zinatofautiana, lakini shabaha ni ile ile. Katika nchi isiyokuwa na pensheni wala bima, ukoo ndio uliokuwa bima. Mjane hakufukuzwa. Watoto hawakugawanywa kama mbuzi. Mwanamume fulani alijulikana kwa jina kwamba ndiye mwenye wajibu wa kuwalisha.

Shangazi yangu mwenyewe alirithiwa miaka ya sabini. Aliposikia kwamba nasitasita, alikuja kunigombeza: "Sisi tulirithiwa na tukaishi. Kwani tulikufa? Mtoto wa kambini anataka kutufundisha nini?"

Na mahari? Wazee walikuwa na hesabu yao. Ng'ombe walitoka kwetu, basi mke ni wa ukoo. Akikataa kurithiwa, ng'ombe warudi. Hofu hiyo ya kurudisha ng'ombe ndiyo inayowafanya baba na kaka za mwanamke wamkataze kuondoka hata anapopigwa. Mahari imeshaozesha vijana wa upande wao, imekwisha kutumika. Nani atairudisha?

Tabia ya kuhesabu binti kwa ng'ombe imetufikisha pabaya. Mwishoni mwa mwaka 2018, dunia nzima ilisoma habari za msichana mmoja wa eneo la Eastern Lakes ambaye wanaume walishindana kumwoa kwa zaidi ya ng'ombe 500 pamoja na magari, na mashindano hayo yakajadiliwa hata kwenye Facebook mpaka kampuni hiyo ikaondoa tangazo. UNICEF imekuwa ikisema kwamba karibu nusu ya wasichana wa nchi hii huolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Wazee wangu walilaani habari zile za mwaka 2018. Lakini waliona kwamba jambo letu ni tofauti.

Sheria ipo, baraza nalo lipo

Baada ya kile kikao nilikwenda kumwona mwanasheria mmoja, binti wa watu tuliokuwa nao kambini. Hakunipa hotuba. Alifungua kitabu, akanisomea.

Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, kifungu cha 15, inasema ndoa haiwezi kufungwa bila ridhaa huru na kamili ya mwanamume na mwanamke wanaotaka kuoana. Kifungu cha 16 kinampa mwanamke haki ya kumiliki mali, na haki ya kushiriki katika urithi wa marehemu pamoja na warithi wengine halali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 nayo inakataza mtu kunyimwa ardhi kwa sababu ya jinsia yake. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, ule unaofahamika kwa jina la CEDAW. Mkataba wa amani wa Septemba 2018 ukaweka kiwango cha asilimia 35 ya nafasi za uongozi kwa wanawake. Ndipo mwaka 2020 tukamwona Rebecca Nyandeng akiapishwa kuwa mmoja wa makamu wa rais, na mwaka 2021 Jemma Nunu Kumba akawa mwanamke wa kwanza kuwa spika wa bunge.

"Sasa nikuambie tatizo," alisema yule binti. "Mambo ya ndoa na mirathi watu hawayapeleki kwa jaji. Wanayapeleka kwa chifu. Na wengi wa wanaokaa kwenye baraza la chifu ni wanaume waliolipa ng'ombe."

Ni kweli. Mabaraza ya kimila yanatambuliwa na sheria za nchi, ni ya karibu, ni ya bei nafuu na yanaongea lugha ya mtu. Mjane wa Gudele hawezi kulipa wakili. Kwa hiyo katiba inabaki kabatini hadi atokee mtu wa kuitaja chini ya mwembe.

Majirani wametufikisha wapi

Sisi watu wa mpakani tuna faida moja: tumeishi kwa majirani na tumeona. Nchi yetu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, tulifikiria zaidi ushuru na viza. Lakini kupitia mipaka hiyo hiyo, pamoja na unga na sabuni, huingia pia habari za mahakama.

Uganda, Agosti 2015, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, kwa sababu kunamfanya mwanamke aonekane bidhaa. Mahakama haikuipiga marufuku mahari yenyewe. Kenya, katiba ya mwaka 2010 ilisema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa, na ndoa inapovunjika. Tanzania, mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana na Rebeca Gyumi kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hivyo mwaka 2019.

Hata mbali zaidi mambo yamegeuka. Katika wiki zile za mawazo nilikwenda kununua vipuri vya raksha yangu kwa mfanyabiashara mmoja Mhindi. Tumezoeana, naye huniuliza habari za nyumbani. Nilipomweleza habari za ng'ombe alicheka, akasema kwao mambo ni kinyume: ni baba wa binti anayetoa mali kwa upande wa bwana harusi, ingawa sheria ilipiga marufuku tangu mwaka 1961. "Baba yangu alikopa kwa ajili ya dada zangu watatu," aliniambia. "Mpaka anakufa alikuwa analipa."

Kisha akaniambia jambo lililonikaa kichwani. Mwaka 2005 sheria ya urithi ya Wahindu ilibadilishwa, binti akapewa haki sawa na kaka yake katika mali ya ukoo, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya India ikasisitiza kwamba haki hiyo anazaliwa nayo. Dada zake walikuwa na haki ya fungu lao. "Ulifurahi?" nikamuuliza. Akafikiri kidogo. "Hapana. Nilikasirika. Nilidhani wananiibia. Baadaye nikajiuliza, walichukua nini ambacho kilikuwa changu?"

Nilitoka dukani pale nimebeba vipuri vyangu na aibu ambayo yeye hakuijua. Maana, msomaji, kuna jambo nilikuwa sijamwambia mtu.

Kodi ya nyumba

Kuanzia mwisho wa mwaka 2016 niliweka mpangaji katika nyumba ya Gudele. Alilipa dola 70 kwa mwezi. Tulikubaliana na kaka kwa simu kwamba nusu nimtumie, nusu nitunze nyumba. Nilifanya hivyo. Kaka alipofariki, nilianza kutuma kidogo, wakati mwingine nikiruka mwezi. Aprili 2020, mipaka ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona, niliacha kabisa. Nilijiambia kwamba hakuna njia ya kutuma. Njia zilipofunguka niliendelea kujiambia hivyo hivyo. Nilijiambia pia kwamba wale ng'ombe wawili nilitoa mimi.

Kwa hiyo wazee waliponiambia nimrithi shemeji na kiwanja kirudi kwa ukoo, sehemu moja ya moyo wangu ilikataa mke, na sehemu nyingine ilikipenda kiwanja. Mtu anaweza kuamini usawa wa wanawake kwa mdomo huku mfukoni akiwa na kodi ya mjane. Mimi nilikuwa mtu huyo.

Kopo la maziwa ya unga

Kikao cha pili kilifanyika mwishoni mwa mwezi ule ule. Safari hii shemeji aliitwa, kaka yake akaja, na chifu wa watu wetu hapa mjini, ambaye wengi humwita sultani, akakaa katikati. Shangazi alikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine.

Baba mkubwa alirudia maneno yake. Shemeji akaombwa aseme. Alipiga magoti kama desturi inavyotaka, akazungumza polepole.

"Baba, siukatai ukoo. Watoto ni wenu na jina ni lenu. Shemeji yangu namheshimu, na mkewe ni dada yangu. Ninachokataa ni kugawiwa. Na kuhusu kiwanja, naomba mnisikilize kidogo."

Akamwita binti yake wa kwanza, wakati huo akiwa na miaka 13. Mtoto alikuja na kopo kubwa la bati, lile la maziwa ya unga, limefungwa kwa mpira. Ndani yake kulikuwa na risiti. Shemeji alikuwa amevuka nalo mpaka mwaka 2016, akaishi nalo kambini miaka mitano na ushee, akarudi nalo.

Mtoto akaanza kusoma kwa sauti. Mabati 40, Arua, mwaka 2010. Saruji ya Tororo, mifuko 25, halafu mifuko 30. Mbao. Misumari. Fundi wa kisima cha choo. Mlango wa chuma. Risiti nyingi ziliandikwa jina la mama yake. Baba mkubwa hajui kusoma, lakini amefuga na kuuza ng'ombe maisha yake yote na hesabu anaijua. Alikuwa akikunja vidole. Mtoto alipofika mwisho, mzee alikuwa tayari anajua kwamba nyumba ile, ukitoa ardhi yenyewe, kwa sehemu kubwa ilijengwa kwa vitunguu.

Kisha shemeji akasema, "Soma na daftari."

Sikujua kama kuna daftari. Mtoto akafungua ukurasa wa kodi. Akasoma miezi na tarehe: huu ulipokelewa dola 35, huu dola 35, huu dola 20, huu hakuna. Aprili 2020, hakuna. Mei, hakuna. Alisoma "hakuna" mara 24, bila kupandisha wala kushusha sauti, kama anavyosoma mwanafunzi darasani. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Ya shemeji ilikuwa na daftari, na habari zake zilikuwa zinasomwa mbele ya sultani.

Sikuwa na pa kutazama. Nikasimama nikasema, "Ni kweli. Sikutuma."

Kimya kilikuwa kirefu. Nilitarajia baba mkubwa anitetee, kwa kuwa hakuna mzee anayependa kuona mtoto wa kiume wa ukoo akiaibika mbele ya wakwe. Mzee aligeuka, akanitazama, akasema: "Sasa wewe uliyekula kodi ya watoto, ndiye tuliyetaka awalinde?"

Msomaji, hakuna aliyetaja katiba kabla ya hapo. Mila yenyewe ndiyo iliyonihukumu. Kama kumrithi mjane shabaha yake ni kumlinda, basi aliyemla hawezi kuwa mlinzi. Hapo ndipo sultani, ambaye alikuwa amekaa kimya muda wote, alipoongeza kwamba hata serikali siku hizi inataka mwanamke aulizwe kwanza. Akauliza: "Huyu mama ameulizwa?" Wazee wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kilichoamuliwa

Maamuzi yaliandikwa karatasi mbili, kila upande ukabaki na yake. Shemeji harithiwi na mtu asipotaka. Ng'ombe hawarudi, kwa sababu amezaa watoto watatu na ameishi na mume wake hadi kifo. Kiwanja kitakuwa mikononi mwake kwa niaba ya watoto wote watatu, wa kike na wa kiume kwa mafungu sawa, na hakitauzwa bila mashahidi wawili, mmoja wa upande wetu na mmoja wa upande wake. Mimi nilipe miezi ile 24, dola 70 kila mwezi, jumla dola 1,680. Ya nyuma zaidi alinisamehe mwenyewe, bila kuombwa.

Suala la mafungu sawa ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote. Mjomba mmoja alisema binti ataolewa na kupeleka kiwanja kwa watu wengine. Baba mkubwa alimjibu kwamba binti ndiye aliyesoma zile risiti; wavulana walikuwa nje wanacheza mpira. Si jibu la kisheria, lakini lilitosha.

Kubadilisha jina kwenye hati kulichukua zaidi ya mwaka, kwenda na kurudi, karatasi hii imepungua, ile haina muhuri. Hatimaye ilipatikana. Nilimaliza deni langu Machi 2024. Shemeji aliandika tarehe ya kila malipo, na la mwisho alipolipokea alinionyesha ukurasa ili nami nitie saini.

Sitakudanganya kwamba wote wamefurahi. Yule mjomba hanisalimu hadi leo. Anasema nimeuza ukoo. Wapo majirani wanaosema shemeji amewaroga wazee. Na kuna swali walilouliza wazee ambalo bado linanisumbua: siku shemeji akiugua, wajibu ni wa nani? Zamani jibu lilijulikana. Leo inabidi tulitengeneze upya. Mimi na mama watoto tumekubaliana kwamba ada ya shule ya kijana wa mwisho tutasaidiana, na hilo nalo limeandikwa.

Shangazi yangu, aliyekuja kunigombeza, alirudi wiki mbili baada ya kikao. Hakutaka chai. Alitoa karatasi iliyokunjwa kutoka kwenye kitambaa cha kichwani, akaniomba nimsomee. Ilikuwa ya kiwanja anachoishi tangu aliporudi kijijini. Jina lake halikuwamo.

Kwa wewe uliyerudi

Tangu vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, zaidi ya watu milioni moja wamevuka kuingia nchini kwetu, wengi wakiwa ndugu zetu wanaorudi. Wengine wanaendelea kutoka Kenya na Uganda. Wanawake wengi wanarudi bila waume, wakiwa na watoto na biashara ndogo, na wanakuta nyumba zina watu, viwanja vina majina ya wengine, na wazee wana mipango. Kwa yaliyonikuta, nina machache ya kuwaambia.

Tunza risiti, hata iliyochakaa, na iandikwe jina lako. Kama unatuma au kupokea fedha, andika tarehe. Mkinunua kiwanja mke na mume, majina yote mawili yaingie kwenye hati tangu siku ya kwanza, maana baada ya kifo ni kazi kubwa. Ukiitwa kwenye baraza, usiende peke yako. Nenda na ndugu, nenda na mtu anayejua kusoma, na mshirikishe chifu mapema. Na wewe mwanamume mwenzangu unayeshika ufunguo wa nyumba ya marehemu, hesabu yako ifanye leo, kabla mtoto hajaisoma mbele ya watu.

Mimi na mama watoto tulikwenda kubadilisha hati ya kiwanja chetu cha Munuki mwaka 2023. Sasa ina majina mawili. Aliponiuliza kama nimefanya kwa hiari au kwa aibu, nilimwambia ukweli kwamba ilianza kwa aibu.

Mwishoni mwa mwaka 2024 alifika mtu kwa baba mkubwa, mfugaji mwenye uwezo, akisema amemwona binti wa shemeji na yuko tayari kuleta ng'ombe. Binti alikuwa na miaka 15. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2008 inamlinda, lakini tunajua sheria ngapi zimeshindwa na ng'ombe. Niliitwa nisikie. Nilikwenda moyo ukinidunda.

Baba mkubwa alimsikiliza mgeni hadi mwisho, akamshukuru kwa heshima aliyotupa. Kisha akamwelekeza Konyo Konyo, upande wa vitunguu, akamwambia: "Mama yake yuko kule. Muulize yeye kwanza, na umuulize binti mwenyewe."

Yule bwana alikwenda. Shemeji alimkaribisha akae kwenye gunia, akamsikiliza pia. Alimwambia mtoto yuko sekondari, arudi akishamaliza, na akirudi aje na barua yake aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, ili binti aisome.

Hajarudi.